Daktari wa Nepi: Maisha ya Dk. Afua Birago, 1948–2023

Mzee Gyasi, mkuu wa ukoo wetu, wachungaji, wakwe zetu wa ukoo wa Darko, na nyinyi nyote mliovaa nyeusi na nyekundu mkaja hapa Ofoase leo, Jumamosi tarehe 2 Desemba 2023: naitwa Kwabena, mtoto wa Yaa Nsiah, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yangu mkubwa. Angekuwa hai angenikatiza tangu salamu, maana hakupenda maneno mengi. Leo hana budi kunivumilia, na nyinyi pia.

Dk. Afua Birago alizaliwa hapa hapa Ofoase, Ijumaa tarehe 12 Machi 1948, katika nyumba ile yenye paa jekundu mnayoiona nyuma ya kanisa. Baba yake, Kofi Badu, alikuwa mkulima wa kakao. Mama yake, Abena Pokuaa, aliuza nguo za vitenge sokoni, na alijulikana kwa ulimi mkali na mizani ya haki. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu waliofika ukubwani, yeye na mdogo wake Yaa Nsiah. Walikuwa wakigombana asubuhi na kulala mkeka mmoja usiku, na tabia hiyo hawakuiacha hata walipokuwa na mvi.

Alianza Shule ya Msingi ya Wamethodisti ya Ofoase mwaka 1954. Mwaka 1962 alipata nafasi katika shule ya wasichana ya Cape Coast, akawa msichana wa kwanza wa mji huu kwenda kusoma pwani. Baba aliuza mavuno ya shamba la juu kumsomesha, na wajomba wakamwuliza kama amepata wazimu. Mwaka 1968 aliingia chuo cha udaktari Accra, akahitimu mwaka 1974. Siku aliporudi na cheti, bibi yangu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Daktari mwenyewe mbona kakonda? Nani atakuamini?" Kisha akachinja kondoo.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Mwalimu Opoku Darko, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyeweza kukaa na marehemu chumba kimoja bila kupandisha sauti. Wengi wetu hatukuliweza hilo. Tarehe 9 Februari 1977, siku ya Jumatano, walipata mtoto wa kiume, Kwaku. Alikuwa mtoto wao wa kwanza na wa mwisho.

Ndugu zangu, hapa lazima niende taratibu. Kwaku alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Wiki ya tatu macho yake yakawa ya manjano. Kila mtu alisema kitu kimoja, kile tunachosema wote: mtoeni jua la asubuhi. Marehemu alikuwa daktari wa miaka mitatu kazini, lakini alikuwa pia mama wa Ofoase, akamtoa juani. Kinyesi cha mtoto kikawa cheupe, mkojo ukawa mweusi kama chai iliyokaa. Wazee walifurahia ule weupe. Sisi tukishinda kesi tunajipaka udongo mweupe, mama akijifungua salama anavaa nyeupe, sasa nani angeogopa nepi nyeupe? Alipofika Accra na mtoto wa miezi minne, walimfungua tumbo wakalifunga tena. Njia za nyongo zilikuwa zimeziba tangu mwanzo, kifuko cha nyongo kimesinyaa kama pilipili iliyokauka, na ini lilikuwa limekwisha haribika. Kwaku alifariki Septemba ya mwaka huo huo.

Mnajua desturi. Mzazi aliyefiwa na mtoto wa kwanza halii. Anavaa nyeupe kama mtu aliyepata heri, anapikiwa mchuzi wa karanga, anaula mbele ya watu, anaingia ndani na mumewe. Wazee walikuwa na sababu yao: kifo kisione kwamba kimetuumiza kikazoea kurudi. Marehemu alifanya yote aliyoambiwa. Alivaa nyeupe. Alikula mchuzi wote, mpaka chini ya bakuli. Tangu siku ile hakutia tena mchuzi wa karanga mdomoni, na mama yangu alipomkaribisha nyumbani kwake, hata mara moja hakusahau kumpikia chungu chake cha pembeni.

Mwaka 1980 alipata ufadhili wa kwenda Sendai, Japani, ambako madaktari walikuwa wamejifunza kuwatibu watoto wa aina ya Kwaku. Alikaa huko miaka miwili. Alijifunza kuondoa kifuko cha nyongo kilichokufa pamoja na mirija yake, na kuvuta kipande cha utumbo mpaka chini ya ini na kukishona pale, ili nyongo ipate pa kudondokea. Alirudi mwaka 1982, wakati wenye akili timamu walikuwa wanakimbilia Lagos kutafuta chakula. Watu walijaa uwanja wa ndege kumpokea, wakitazama mizigo. Wengine waliorudi kutoka ng'ambo walikuja na friji. Yeye alikuwa na makasha manne, na yote yalijaa nyuzi za kushonea, nyembamba kuliko unywele.

"Miaka miwili Japani," bibi yangu alisema, "mwanangu kaniletea uzi!"

Alifanya kazi ya upasuaji wa watoto Kumasi tangu mwaka 1982 mpaka alipostaafu mwaka 2008. Ugumu wake mkubwa haukuwa kisu. Ugumu ulikuwa siku. Upasuaji ule unafaa zaidi mtoto akiwa hajatimiza miezi miwili, na watoto wetu miezi miwili ya kwanza wako wapi? Wako kwa bibi. Mama na mtoto wamefungiwa ndani, wanakandwa kwa maji ya moto, wanalishwa, wanalindwa na macho ya watu. Ni malezi mazuri, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini mtoto mgonjwa alikuwa anatolewa nje amependeza, amepakwa poda, na ini limekwisha.

Basi marehemu akaamua kuwafuata huko huko kwa mabibi. Alikwenda kwa wapiga chapa za vitambaa wa Ntonso, akawaagiza wamtilie vipande vya kitambaa rangi za kinyesi cha mtoto: manjano ya mchuzi wa mawese, kijani, kahawia, kisha kijivu cha majivu, na nyeupe ya dokono, ule ugali wetu wa mahindi. Akavitundika ukutani kliniki, hivi ni vizuri, hivi ni hatari. Akina mama waliulizana yadi ni bei gani. Akagawa vipande hivyo makanisani, misikitini na kwa wakunga. Na yeye mwenyewe akawa haalikwi kwenye sherehe ya mtoto bila watu kujiandaa, kwa sababu akishakula na kutoa zawadi yake, alikuwa anaomba nepi. Mchana kweupe, mbele ya wageni. Hapo ndipo alipopata jina lililo kwenye jalada la kijitabu hiki cha maziko ninachowasomea, na msidhani lilimkera. Alijitambulisha nalo hata kwa mawaziri.

Sasa nitawaeleza habari ya Jumapili tarehe 24 Julai 1994, na mama yangu aliyekaa pale mbele ameniruhusu. Amesema, "Isome yote, usinipambe."

Dada yangu Akosua alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza tarehe 7 Juni, msichana, Abena Frema. Jumapili ile tulimpeleka kanisani kutoa shukrani. Tuliporudi tukakaa uani kula fufu, wakwe upande mmoja, sisi upande mwingine, na marehemu katikati na bakuli lake la mchuzi wa mawese. Mama yangu alikuwa na furaha iliyopita kiasi. Alisimama na sufuria mkononi akawaambia wakwe:

"Mjukuu wangu huyu kaja na ushindi wake kutoka tumboni. Nepi yake nyeupe pee! Mmeshaona wapi? Mungu kampaka udongo wa ushindi ndani kwa ndani!"

Wakwe wakapiga makofi. Marehemu alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha bakulini, akanawa mkono.

"Yaa, niletee hiyo nepi."

"Dada, kula kwanza. Leo sikukuu."

"Nepi."

"Mbele ya wakwe? Utatuaibisha!"

"Hata mbele ya Askofu. Lete."

Mama hakuleta. Akosua ndiye aliyeingia ndani akatoka nayo. Marehemu aliitazama, akamchukua mtoto, akamfunua jicho, akamminya tumbo kwa vidole viwili chini ya mbavu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto ana ugonjwa wa Kwaku, na kesho asubuhi lazima awe Kumasi.

Mama yangu aliitua ile sufuria chini. Ni mwanamke mwema, na yeye ndiye aliyemshika marehemu mkono siku ile ya mchuzi wa karanga, kwa hiyo alijua jina hilo lina maana gani. Hofu ikamtoka kama hasira.

"Huyu kanenepa, ananyonya, anacheka! Wewe kila mtoto unamtazama tumbo kama muuza nyama! Wa kwako alikushinda, sasa unataka kumpasua wangu?"

Nilikuwa nimekaa karibu nao, na nilitamani mama ayarudishe maneno yale mdomoni. Marehemu hakupandisha sauti.

"Ndiyo, alinishinda. Nilimwanika juani kama kakao, nikasubiri akauke yale manjano, siku zikapita. Huyu bado wiki mbili tu atimize miezi miwili. Yaa, mdogo wangu, nitukane njia nzima mpaka Kumasi, lakini mlete."

"Akifa chini ya kisu chako?"

"Anaweza kufa. Sikudanganyi. Tukikaa hapa tukala fufu, atakufa kwa hakika, na atakufa ametufahamu nyuso."

Mama akalia, wakwe wakaanza kusema kuna mganga mmoja Mampong, na mmoja akasema daktari asiye na mtoto asisikilizwe kuhusu mtoto. Akosua, ambaye nyumbani alikuwa haongei mbele ya watu wazima, akamchukua Frema kutoka mikononi mwa marehemu, akamfunga mgongoni, akavaa kandambili.

"Mama Mkubwa, gari iko wapi? Hiyo kesho mimi siijui. Twende leo."

Upasuaji ulifanyika Alhamisi tarehe 28 Julai. Marehemu alimwomba mwenzake amshikie kisu kwa sababu ni damu yake, lakini mwenzake alikuwa hajawahi kufanya upasuaji ule peke yake, kwa hiyo akashika mwenyewe. Ilichukua saa tano. Alipotoka alimkuta mama yangu kwenye benchi la varanda, akakaa kando yake. Mtoto alikuwa hai. Lakini kuwa hai siku ile hakukuwa jibu. Jibu lingetoka kwenye nepi, nyongo ikikubali kushuka, na ikikataa basi hakuna kingine cha kufanya.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili nyeupe. Siku ya tatu nyeupe. Mama yangu hakutoka wodini, hakula, aliwafukuza wauguzi kwenye zamu ya kubadilisha nepi akisema hiyo ni kazi yake. Jumatatu asubuhi tulisikia ukelele ambao mimi na Akosua tuliufahamu vibaya, tukashikana. Kumbe mama alikuwa anakimbia varandani na nepi wazi mikononi, khanga imemteremka, nusu ya wodi ikimfuata. Aliingia ofisini kwa marehemu bila kubisha. Marehemu alikuwa na wageni watatu wa Wizara waliovaa tai.

"Haya, Daktari wa Nepi!" mama alipiga kelele. "Si ulikuwa unaitaka? Shika! Kijani! Kijani kama majani ya muhogo!"

Marehemu aliipokea kwa mikono miwili. Mgeni mmoja akauliza kuna tatizo gani, na mama yangu akamwambia, "Baba, simama ucheze." Wanasema yule bwana alicheza. Marehemu hakucheza. Aliinamia meza akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, mpaka mama akaitua ile nepi juu ya mafaili ya Wizara akamkumbatia. Alikuwa na deni la kilio la miaka kumi na saba. Siku ile alililipa.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani wote walipona. Yeye asingeniruhusu. Waliokufa walikuwa wengi kuliko waliopona, kwa sababu walikuja wamechelewa, au kwa sababu ini lilikataa tu. Alikwenda kwenye maziko yao kila alipoweza, akivaa nyeusi na nyekundu hata pale wazee walipomwambia kwa mtoto mchanga haivaliwi hivyo. Alikaa na mama aliyefiwa na kulia naye hadharani. Alisema mtoto aliyeishi miezi minne ameishi, na aliliwe. Hapa nchini kuna akina mama ambao hawamkumbuki kwa kuponya chochote. Wanamkumbuka kwa hilo.

Mumewe, Mwalimu Darko, alifariki tarehe 3 Mei 2010. Marehemu aliendelea kukaa katika nyumba yao ya Kumasi, akifundisha madaktari vijana kushona kwenye matumbo ya kuku. Kuku hao walipikwa baadaye, na vijana walilazimishwa kuwala wakiwa na mishono yao. Wakati wa Pasaka ya mwaka 2021 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Kwa daktari wa upasuaji huo ni msiba tosha. Kwa mwanamke wetu aliyelelewa vizuri kulikuwa na msiba wa pili, kwamba sasa ilimbidi asalimie watu na kupokea vitu kwa mkono wa kushoto. Alimwomba radhi kila mgeni. Alimwomba radhi hata muuza mkate. Frema alihamia kwake, akaacha kazi yake ya benki Accra, akamwogesha na kumlisha kwa miaka miwili na nusu, na wote wawili walikuwa wabishi, kwa hiyo nyumba ile haikukosa makelele. Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2023, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alimwambia Frema uji una sukari nyingi, akafumba macho, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Tumebakiwa na jambo moja, na ni la jeneza hili.

Kwetu jeneza la mzazi huletwa na watoto wake. Ukoo hugharimia mengine, lakini hilo hauligusi. Tulipokutana kutimiza juma moja la msiba, Mzee Gyasi alisimama kama inavyopasa, akauliza mbele ya watu wote: "Watoto wa marehemu wako wapi, watuambie habari ya jeneza?" Aliuliza kwa huzuni, maana jibu tulilijua. Tulikuwa tumekwisha kubaliana kwamba ukoo utanunua kimya kimya, na kwamba katika kijitabu hiki pale kwenye watoto patabaki wazi.

Frema akasimama.

"Kaa, mjukuu wangu," Mzee Gyasi alimwambia. "Wewe ni wa ukoo. Huwezi kusimama upande wa watoto."

"Najua, Babu. Mimi ninawasindikiza tu."

Nyuma yake, kwenye viti vya wageni, watu walikuwa wanainuka. Mwanaume mkubwa mwenye ndevu, dereva wa malori kutoka Techiman. Mshonaji wa nguo kutoka Ho. Msichana wa chuo aliyevaa hijabu. Wengine sikuwafahamu. Walikuwa kumi na tisa, wakasogea mbele wakasimama wamebanana, kwa aibu, kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu.

"Nyinyi ni akina nani?" Mzee Gyasi aliuliza.

Msichana wa hijabu akajibu, Rahinatu wa Tamale. "Baba, shikamoo. Sisi ndio watoto."

"Wa ukoo gani?"

"Mimi Mdagomba, Baba. Dada huyu wa Ho ni wa kabila la Waewe. Yule kaka mnene hata mwenyewe hajui kwao ni wapi." Watu wakacheka kidogo, na dereva akakubali kwa kichwa. "Ukoo hatuna. Tuna kovu." Akaweka kiganja juu ya tumbo, hapa chini ya mbavu, na wale kumi na nane wengine wakaweka viganja pale pale.

Wazee waliinamiana wakanong'onezana. Mmoja alisema desturi haijui jambo hili, na alisema kweli, haijui. Mama yangu Yaa Nsiah aliinuka kutoka upande wa wafiwa, akapita katikati ya uwanja akijikongoja na fimbo yake, akawapa mkono mmoja mmoja wote kumi na tisa, kama mtu anavyowapa pole watoto wa dada yake. Kisha akarudi akakaa. Mzee Gyasi alimtazama, akatengeneza nguo yake begani, akajikohoza.

"Haya," akasema. "Hilo jeneza ni la mbao gani?"

"Mvule, Baba," alijibu dereva.

"Mvule ni mti mzuri. Andikeni."

Kwa hiyo nasoma kama ilivyoandikwa. Marehemu Dk. Afua Birago alitanguliwa na mumewe Opoku Darko na mwanawe Kwaku. Ameacha mdogo wake, Yaa Nsiah. Watoto wa mdogo wake, Kwabena na Akosua. Mjukuu, Abena Frema. Na watoto kumi na tisa, ambao ndio waliomleta hapa mabegani mwao asubuhi hii.

Mama Mkubwa, watoto wako wamekufikisha. Mungu akupokee, upumzike.